Hedifoni Alizonichagulia Aabo

Nina hedifoni mbili. Za kwanza ni za kijivu, mito yake ya masikioni imeshonwa kwa kitambaa, na siku hizi zimelala chini ya kitanda ndani ya boksi la viatu. Za pili ni nyeusi, nzito, mito yake ni ya ngozi bandia, zinakunjika zikaingia mkobani, na ndizo ninazovaa kila asubuhi nikitoka Galbet, mtaani kwetu Garissa, kwenda kufundisha Kiswahili katika shule moja mjini. Za kijivu nilizichagua mwenyewe. Nyeusi alinichagulia Aabo, baba yangu. Watu wakiniuliza zipi bora nawaambia nyeusi, na ni kweli. Sauti yake ni safi mpaka inauma. Nazichukia.

Kabla ya habari ya duka kuna habari ya marufuku.

Mama yangu alikulia Hagadera, kambi ya wakimbizi. Aabo ni dalali wa mifugo, na enzi hizo alikuwa akienda huko kutafuta mbuzi wa kuleta soko la Garissa. Safari moja akarudi na mbuzi na posa iliyokubaliwa. Walikaa pamoja mpaka nikaanza shule, kisha wakaachana. Nani alimkosea nani, sijui. Kila upande una hadithi yake na zote mbili zimenichosha. Mama akarudi Hagadera kwa ndugu zake, na baadaye ndugu hao wakachukuliwa kwenda kuishi katika nchi ya baridi, ng'ambo, naye akaenda nao. Mimi nilibaki. Mtoto ni wa baba, na hakuna aliyeketi kulijadili hilo, mimi wala wao.

Aabo akaoa tena. Mke wake namwita Eeddo, kama tunavyomwita mke wa baba nyumbani kwetu. Nisimsingizie: alinilea. Alinisuka nywele, alikesha na homa zangu, alinipigania nilipotaka kwenda chuo. Lakini mtandao wa simu ulikuwa mbovu, na mama yangu alizoea kupiga akitaka kusikika nyumba nzima, kwa hiyo simu ilikuwa inawekwa katikati ya mkeka kwa sauti ya juu, na kicheko chake kinajaa chumba hadi jikoni. Siku moja Eeddo akatua mwiko juu ya sufuria ya wali, akaja akasimama mlangoni.

"Huyu mwanamke," akasema, "aliondoka au hakuondoka?"

Aabo hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Aabo," akaniambia, maana kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye, "sauti ya mama yako isisikike tena ndani ya nyumba hii."

Baba yangu ni mtu wa neno kamili. Dalali hana mali nyingine. Akisema mbuzi huyu ana mimba, ana mimba. Kwa hiyo nililichukua neno lake kama lilivyotoka kinywani. Alisema ndani ya nyumba. Hakusema njiani.

Mama akaacha kupiga, akaanza kutuma ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu, wa mtu anayekaa peke yake na mashine ya kufulia. Jumbe hizo zilirundikana simuni mwangu bila kufunguliwa, kama wageni waliozuiwa langoni. Nyumbani sikuweza. Shuleni chumba cha walimu ni kimoja na kila mtu ana maoni. Na mwanamke akisimama barabarani Garissa, simu sikioni, haneni kitu, anasikiliza tu na machozi yanamlengalenga, kabla hajamaliza ataulizwa yeye ni wa nani. Ilibaki tuktuk. Kutoka lango la nyumbani hadi lango la shule kulikuwa na kipande cha barabara ambacho hakikuwa nyumba ya mtu yeyote. Hapo ndipo ningeweza kumsikia mama yangu bila kuvunja neno la baba yangu. Sikutaka kitu kingine. Sijui kama ni kidogo au kikubwa.

Tatizo ni kwamba katika tuktuk hiyo nilikuwa napanda na baba yangu. Ni ya jirani yetu, inatuchukua kila asubuhi. Aabo anashuka soko la mifugo, mimi naendelea. Basi nilihitaji hedifoni. Zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio sikuweza, kwa sababu sikio langu la kulia limekuwa likitoa usaha tangu utoto, na daktari alinionya nisichomeke humo kitu chochote. Ikabidi niwaze zile kubwa zinazofunika sikio lote.

Niliwauliza wenzangu waandishi. Tuko kundi moja, wengi wao wako Nairobi, tunasomeana miswada na kupakana mafuta. Wao wote wana hedifoni. Mmoja akaniandikia kwamba hawezi kuandika sentensi bila kuzivaa, kwamba zikifunga masikio ndipo anasikia wahusika wake. Mwingine akanipa somo la besi na treble. Mwingine akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama Garissa kuna kelele kweli. Hakuna aliyeuliza nitazivaaje. Hawana mtandio kichwani. Hawajui kwamba kwa mwanamke wa kwetu swali la kwanza la hedifoni halihusu sauti. Ni juu ya nguo au chini ya nguo?

Duka nililoingia liko katikati ya mji, simu upande mmoja, taa za sola upande wa pili. Muuzaji ni kijana wa kwetu aliyekulia Isli, Nairobi, na amerudi na ulimi wa huko.

"Karibu sistee. Hizi ni moto. Besi yake ukiwasha inakupiga mpaka tumboni."

"Sitaki kupigwa. Nataka kumsikia mtu akizungumza."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Si umpigie tu simu?" Akacheka, nami nikacheka, maana alikuwa hajui.

Akanipa za kwanza nikazivaa juu ya mtandio. Nikasikia khash, khash, khash, kitambaa kikisuguana na mto, kama mtu anatembea juu ya majani makavu ndani ya kila neno. Kijana akasema hiyo si shida ya mashine. Nilijua. Nikamwomba aniruhusu nitoke kidogo na aina kadhaa, nikaenda duka la pili, la mama anayeuza mabuibui, ambaye ana pazia la kujaribia nguo.

"Ingia, abaayo," akasema, akiniita dada, "mimi nasimama hapa. Lakini ukitoka na masikio ya punda usinilaumu."

Nyuma ya pazia lile nilijaribu kila namna. Chini kabisa, juu ya nywele: ukanda unakandamiza pini za nywele zinakuchoma utosini, na mtandio ukirudi juu unaota nundu mbili. Juu ya kofia ya ndani, ile ya kubana, kisha mtandio juu yake: hapo pakavumilika. Nyeusi, za ngozi bandia, zilikuwa miongoni mwa nilizojaribu. Zilishika kichwa kama mikono ya mtu. Lakini Garissa si Nairobi. Jasho lilianza kutiririka nyuma ya sikio hata kabla msomaji habari simuni hajamaliza salamu, na nikaliwaza sikio langu bovu ndani ya joto lile. Za kijivu zilikuwa nyepesi, mito yake inapitisha hewa, sauti yake haikuwa kubwa ila ilikuwa karibu. Nilitikisa kichwa, nikainama, nikarukaruka kama niko kwenye tuktuk. Mama wa mabuibui akachungulia.

"Unanunua redio au unacheza ngoma?"

Nilichukua za kijivu. Nilipima kila kitu kinachopimwa na mtu aliye ndani ya hedifoni. Joto, uzito, chaji, waya wa akiba chaji ikiisha. Sikuwaza kumwomba yule mama asogee karibu aniambie yeye anasikia nini. Kijana wa duka hakunikumbusha, na wale mabingwa wa besi hawakunikumbusha. Mito inayopitisha hewa, juu ya kofia isiyokaa sawasawa, ilikuwa inapitisha na maneno.

Asubuhi ya kwanza nilianza na ujumbe wa zamani kuliko zote. Mama alikuwa ndiyo kwanza amefika. Alieleza baridi kama mtu anayemsengenya jirani. "Hooyo," aliniita, yaani mama, jina lake akinipa mimi, "huku hata jua ni la mapambo." Nilitazama mbele. Bega la Aabo lilikuwa limegusa langu, kama linavyogusa kila siku, kiti cha nyuma cha tuktuk hakina heshima ya umbali. Alikuwa na bakora kati ya magoti na shuka yake begani, akikohoa kikohozi chake cha tangu enzi za mama. Sikuona mabadiliko yoyote usoni mwake.

Kuna jambo la kwetu lazima nilieleze. Mtu wa kwetu hatoi habari kwa mtu aliyenyamaza. Mchungaji akitoka mbali anaulizwa, "Warran," toa habari, naye anaanza: mvua, malisho, nani kafa, nani kazaa. Kila baada ya kipande anatua. Hapo msikilizaji lazima aseme, "Haye." Haimaanishi kwamba amekubali. Inamaanisha nipo, endelea. Ukikosa kusema haye, mtoa habari anasimama, hata kama yuko katikati ya kifo cha mtu, anakutazama, na anaona haya kana kwamba amevuliwa nguo. Baba yangu amefundishwa hilo na baba yake huko upande wa Wajir, na sidhani kuna siku aliwahi kumwacha mtu atue bila kumwitikia. Hata redio humwitikia. Mtangazaji akivuta pumzi, Aabo anasema haye, na Eeddo hucheka.

Mama yangu naye ni wa malezi hayo. Ujumbe wake wote ulikuwa na matundu. Anasema jambo, anatua, anaacha nafasi ya haye ambayo haitakuja, kisha anaendelea. Ukisikiliza vizuri unasikia pumzi yake ikingoja. Mimi nilikuwa naitikia moyoni. Nilidhani hiyo inatosha.

Siku moja kundi la mbuzi lilikuwa likivuka barabara, na dereva, anayeokoa petroli, akazima injini. Ghafla pakawa kimya, kwato na vumbi tu. Masikioni mwangu mama alikuwa anasimulia jinsi alivyoanguka kwenye ngazi zenye barafu, na watu wakapita. "Wakapita, hooyo," alisema. "Mmoja alinikanyaga mtandio." Akatua.

"Haye," akasema Aabo.

Alisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu mzima anayesikia habari nzito. Alikuwa anawatazama mbuzi. Mama akaendelea, jinsi alivyojiinua kwa kushika nguzo, akatua tena, na Aabo akasema, "Haye," tena, kisha injini ikawaka.

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka litakuwa jambo lenye jina, na jambo lenye jina baba yangu angelazimika kulikataza. Lakini tangu siku hiyo nilifanya mambo mawili. Nikaongeza sauti kidogo. Na nikaanza kukaa upande wa kulia wa kiti, kwa sababu sikio la Aabo linalosikia vizuri ni la kulia. La kushoto alipigwa pembe na fahali.

Zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata katika mji huu. Nitasema hivyo ingawa najua sasa ziliishia wapi. Tulikuwa tunapita vibanda vya miraa na maduka ya mitumba, tumebebwa watatu, mmoja wetu hayupo. Mama anauza habari zake, Aabo anaitikia njia nzima, mimi nimekaa katikati ya ndoa yangu iliyovunjika, kwa maana ilikuwa yangu pia, nami sikuulizwa. Baba akishuka sokoni anapangusa suruali, ananiambia, "Nenda salama, aabo," kama kila siku. Kwa mara ya kwanza nikaanza kuamini kwamba riwaya yangu, ambayo imekuwa ikisuasua kwa miaka, inaweza kuisha, kwa sababu nilikuwa nimewasikia wawili hao wakizungumza.

Nikafanya na jambo la tatu. Nikamwandikia mama, sentensi moja tu: Hooyo, kuna anayekuitikia.

Hakujibu. Jumbe zikakoma. Nikarudia zile za zamani, na Aabo akaziitikia za zamani kama mpya.

Kisha jino la Eeddo likaanza kumsumbua, ikabidi aje nasi hadi hospitali mjini. Asubuhi hiyo niliziacha hedifoni mkobani. Eeddo aliketi kando, shavu limefungwa kanga, Aabo katikati, mimi upande wangu wa kulia. Tulikuwa hatujafika hata barabara kuu.

"Mbona hujavaa?" Aabo akauliza.

"Leo nimechoka, aabo."

"Vaa. Barabara ina kelele."

Nimerudia kulifikiri neno hilo mara nyingi. Mtu wa neno kamili, mke wake ubavuni, ananiambia nivae. Labda alizoea tu, kama anavyozoea chai. Labda yeye mwenyewe alikuwa hajakiri moyoni kwamba anasikia kitu. Nikavaa, nikapunguza sauti karibu na mwisho, nikachagua ujumbe mfupi kuliko zote, mama akieleza bei ya hiliki huko kwao. Nilidhani hiliki haiwezi kumdhuru mtu.

Karibu na kituo cha mafuta kulikuwa na foleni. Dereva akazima injini.

"Haye," akasema Aabo.

Eeddo akageuza shingo polepole, maana jino lilikuwa linamuuma. "Unamwitikia nani?"

Aabo akaitazama foleni.

"Mzee. Nimekuuliza. Unamwitikia nani?"

"Dereva," akasema baba yangu.

"Mimi?" Dereva akageuka, mtu mwema, hana habari. "Mimi sijasema kitu, mzee. Mimi nangoja betroli tu."

Eeddo akanyoosha mkono mbele ya kifua cha mume wake, akainua ukingo wa mtandio wangu, akatega sikio. Hakuzivuta hedifoni. Hakuwa na haja. Sauti ya mama ilikuwa pale, ndogo kama ya mdudu kwenye chupa, inazungumzia hiliki. Nikazima.

Nilingoja matusi na hayakuja. Eeddo alirudi kuegemea, akalishika shavu lake. "Kwa hiyo tatizo halikuwa sauti," akamwambia Aabo, kwa utulivu kabisa. "Lilikuwa nyumba." Akamwambia dereva awashe, foleni imesogea. Hospitali, aliposhuka, aliukataa mkono wa baba yangu.

Mtu akinisoma hapa atatafuta wa kumlaumu, na atamchagua yeye. Asimchague. Aliishi katika nyumba ambamo sauti ya mwanamke mwingine ilitolewa, akadhani ametolewa yeye mzima. Kumbe kila asubuhi mume wake alikuwa anatoka kwenda kumsikiliza.

Jioni yake, baada ya swala ya alasiri, Aabo alikuja shuleni. Hajawahi kuja shuleni kwangu. Alisimama langoni na bakora yake, akamwomba mlinzi aniite kwa adabu ya kijijini, na nilipotoka akasema, "Twende ulikonunua vile vitu vya masikio."

Tulipoingia dukani yule kijana akanitambua.

"Sistee! Na mzee pia! Mzee anataka besi?"

"Nionyeshe zinazofunga sauti," Aabo akasema.

"Ziko, mzee wangu. Hii ukivaa, kelele ya nje haiingii hata kidogo. Tuktuk, mashine, bibi akigomba, wewe huna habari."

"Sikuulizi ya kuingia. Nakuuliza ya kutoka."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama taa za sola.

Aabo akanikalisha kwenye kigoda. "Vaa kama unavyovaa siku zote," akasema. Akamwagiza kijana aweke mtu anayezungumza, si muziki. Akapatikana msomaji habari. Kisha baba yangu akafanya jambo ambalo nimemwona akilifanya sokoni maisha yangu yote. Dalali mzuri hanunui mbuzi kwa macho tu. Anapiga magoti, anaweka sikio kwenye mbavu, anasikiliza mapafu kama yana ugonjwa. Aliinama hivyo hivyo kando ya kichwa changu. Aliweka lile sikio lake zima la kulia karibu na mto wa hedifoni, akafumba macho. Nilinusa shuka yake, vumbi la zizi na ubani.

"Bado," akasema. "Anazungumza habari za mvua. Lete nyingine."

Kijana akaleta nyingine. Aabo akainama tena.

"Huyu bado yupo."

Alisema huyu. Msomaji habari alikuwa mwanamume, na lugha yetu ina huyu wa mwanamume na huyu wa mwanamke. Baba yangu alilisema neno la mwanamke.

Za tatu zilikuwa zile nyeusi. Zile nilizozikataa nyuma ya pazia kwa sababu ya joto. Safari hii alikawia kuinuka. Alikawia mpaka kijana akaacha kutafuna jojo, mpaka mteja mwingine akaingia akasimama akitushangaa, mzee aliyebandika sikio kwenye kichwa cha binti mtu mzima. Msomaji habari alinipigia kelele ndani ya fuvu kuhusu barabara na madaraja. Niliona kwenye kioo cha kabati la simu uso wa Aabo, macho yamefumba, midomo imeachana kidogo, kama anayesubiri mtu atue ili amwitikie.

Akainuka.

"Hakuna mtu," akasema. "Hizi."

Kisha akachukua ncha ya shuka yake, akaifunika mkono wa kijana, akaanza kumbonyeza vidole. Ndivyo madalali wa kwetu wanavyopatana bei, chini ya nguo, kidole kwa kidole, ili aliyesimama kando asijue nini kimesemwa. Kijana akauvuta mkono kama aliyeshika moto.

"Mzee, bei iko kwenye kibandiko!"

Yule mteja akacheka. Mkono wa baba yangu ukabaki ndani ya shuka peke yake, vidole vikiwa bado vimepangwa kwa bei fulani. Halafu akautoa, akalipa kama kibandiko kilivyosema, bila kupunguziwa hata senti, yeye ambaye hajawahi kununua hata kiberiti bila kupatana.

Nje ya duka nikamwambia, "Aabo, zangu bado ni nzima."

"Zinavuja."

"Najua."

Alitembea hatua chache. "Mimi pia nilijua," akasema. "Sasa basi."

Nilitaka anikasirikie. Nilitaka anikataze, avunje ile simu, aseme hata njiani ni haramu. Ningekuwa na mtu wa kupigana naye. Badala yake aliniruhusu mama yangu kamili, safi, bila mkwaruzo, na akajikata mwenyewe kutoka humo kwa fedha zake. Watu wakiziona wanasema, baba yako anakupenda, amekununulia kitu cha bei. Nasema alhamdulillah.

Asubuhi iliyofuata nilipanda upande wangu wa kulia, kwa mazoea. Aabo hakuja nyuma. Aliketi mbele na dereva, nusu ya kiti, bakora imetoka nje kidogo. Simu yangu ilikuwa imetikisika alfajiri: mama ametuma. Ujumbe wa kwanza tangu nimwandikie ile sentensi.

Nikavaa nyeusi. Barabara ikatoweka. Mama aliingia kichwani mwangu kama mtu aliyeingia chumba kisicho na dirisha. Nilisikia hata ulimi wake ukiachana na meno. Alianza na theluji. Akasema amehamia ghorofa ya chini kwa ajili ya goti. Akasema mashine ya kufulia imeharibika, akatua. Nikaitikia moyoni, kama zamani. Kisha alinyamaza kwa muda mrefu kuliko anavyonyamaza, mpaka nikadhani ujumbe umeisha.

"Na wewe unayeitikia," akasema mama yangu. "Kikohozi chako kimepona?"

Akatua.

Nilimtazama baba yangu kwa nyuma. Kofia, shingo yenye mikunjo, lile sikio zima. Jasho lilikuwa linanitiririka chini ya ngozi bandia. Pumzi ya mama ilikuwa inangoja, naisikia, hedifoni hizi hazipotezi kitu. Ningeweza kunyoosha mkono na kumgusa bega. Lakini alikuwa amenilipia nisimguse.

"Haye," nikasema.

Sikujua nimesema kwa sauti kubwa kiasi gani. Mtu aliyefungwa masikio hajui. Tuktuk ikapunguza mwendo, na nikamwona dereva akigeuka nusu, akiuliza kitu. Bado mama alikuwa kimya, kwa hiyo nilimsikia Aabo, kwa mbali sana, kupitia ngozi, akimjibu bila kugeuza kichwa.

"Endelea," alimwambia. "Hasemi na wewe."